Kiinua Mgongo Hupimwa kwa Mshahara Upi?

Aliyelibuni neno "kiinua mgongo" alikuwa na jicho kali. Mtu aliyeinama kazini miaka kumi au ishirini, akipakia magunia bandarini, akishona mashati kiwandani au akijaza madaftari ya hesabu ofisini, siku anaponyoosha kiuno aondoke hupewa kitu cha kumsaidia kunyooka. Neno zuri hilo. Taabu yake ni kwamba ndani ya neno hilo moja tumezoea kutia mambo mawili au matatu yasiyofanana, na kutokana na mchanganyiko huo familia nyingi za mijini hupiga hesabu ya fedha ambazo hazitafika mezani kamwe.

Hesabu hizo, ndugu msomaji, hupigwa usiku watoto wakiwa wamelala. Habari zimezagaa kwamba kazini watu watapunguzwa. Mama anaweka bakuli la maji ya kunawa, anakaa, anauliza kwa upole: "Baba watoto, kwani pale una miaka mingapi sasa?" Anajibiwa kumi na miwili na miezi kadhaa. "Na mshahara wako si milioni moja?" Naam, ni milioni moja. "Basi ni milioni kumi na mbili hizo." Mume hasemi ndiyo wala hapana, kwa sababu hata yeye ndivyo alivyosikia kwa wenzake: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Papo hapo nyumba ya Chanika inaezekwa bati, ada ya binti wa kidato cha tatu inalipwa mpaka amalize, na cherehani mbili zinanunuliwa ili mama aanze kushona sare za shule. Yote hayo yamekwisha kujengwa juu ya kijibarua ambacho mume hajakipokea bado.

Natuchukue mfano huo huo tuufuate mpaka mwisho, kwa tarakimu, kwa maana maneno matupu katika jambo hili hayasaidii.

Mfanyakazi wetu hupokea shilingi 1,000,000 kwa mwezi kabla ya makato. Lakini hati yake ya mshahara, ile ambayo wengi huikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma, haisemi milioni moja katika mstari mmoja. Inasema hivi: mshahara wa msingi 520,000, posho ya nyumba 200,000, posho ya usafiri 130,000, posho ya chakula cha mchana 90,000, na posho nyingine iliyopewa jina la "mazingira" 60,000. Jumla ni milioni moja kweli. Nyumbani fedha hizi hufika zikiwa kitu kimoja, kwa kuwa unga na mafuta ya taa havina habari kama vimenunuliwa kwa posho au kwa mshahara. Mbele ya sheria, hata hivyo, ni vitu viwili vilivyotenganishwa na ukuta.

Ukuta huo umejengwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo ina maneno mawili ambayo kila mfanyakazi angefaa kuyajua kama anavyojua majina ya wanawe. La kwanza ni ujira, yaani thamani ya jumla ya malipo yote, ya fedha au ya vitu, anayopewa mfanyakazi au anayodai kutokana na kazi yake. La pili ni mshahara wa msingi, nao ni ile sehemu tu ya ujira inayolipwa kwa kazi iliyofanywa katika saa za kawaida. Kutoka katika mshahara wa msingi sheria imetoa posho zote, hata zile zinazokokotolewa kwa asilimia ya mshahara wenyewe. Imetoa malipo ya saa za ziada. Imetoa nyongeza ya kazi ya Jumapili na sikukuu. Na imetoa nyongeza ya kazi ya usiku.

Sasa tufike kwenye kiinua mgongo chenyewe, ambacho kimo katika kifungu cha 42. Mwajiri anayemwachisha kazi mtu aliyekwisha kumtumikia mfululizo kwa miezi kumi na miwili au zaidi atamlipa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, wala miaka itakayohesabiwa haitazidi 10. Siku saba. Msomaji aliyedhani ni siku thelathini asome tena mstari huo taratibu.

Mfanyakazi wetu hufanya kazi siku sita kwa juma. Jedwali lililo mwishoni mwa sheria linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wa juma, kisha wa juma ugawanywe kwa idadi ya siku za kazi katika juma. Kwa mtu wa siku sita ni sawa na kugawanya mshahara wa mwezi kwa 26. (Wa siku tano ana kigawanyo chake, asitumie hiki.) Shilingi 520,000 kwa 26 ni 20,000 kwa siku. Siku saba ni 140,000. Miaka yake ni 12 na miezi minane, lakini sheria inakomea 10. Kiinua mgongo chake, basi, ni shilingi 1,400,000.

Kutoka milioni kumi na mbili mpaka milioni moja na laki nne! Bati zimeruka, cherehani zimeruka, na ada ya binti imebaki ya mwaka huu peke yake, kama haikuliwa na kodi ya nyumba.

Hapo ndipo ugomvi huanza katika nyumba nyingi, na nimeona niuseme wazi kwa sababu ukurasa huu ni wa familia. Mke hudhani mume amezificha nyingine, au amekwisha kuzipeleka kwa mke mwingine. Mume naye, kwa aibu ya kuonekana kwamba miaka yake kumi na miwili imethaminiwa kwa kiasi kile, hukaa kimya badala ya kuonyesha karatasi. Kimya hicho huzidisha shaka. Ndugu wa kijijini nao wamekwisha kusikia kwamba fulani "amelipwa mafao yake," na barua za kuomba msaada zinafika kabla ya fedha. Mengi kati ya haya yangeepukika kama hati ya mshahara ingesomwa na watu wawili pamoja, mapema, wakati kazi bado ipo.

Hata hivyo kiinua mgongo si malipo peke yake ya siku ya kuondoka, na sheria yenyewe inasema kwamba kulipwa hicho hakumwondolei mtu haki nyingine yoyote. Kifungu cha 44 kinazitaja. Kuna ujira wa siku alizokwisha kufanya kazi. Kuna likizo aliyostahili akainyimwa au hakuichukua. Kuna sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujatimia, nayo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Mtu wetu amefanya miezi minane ndani ya mwaka wake wa kumi na tatu, yaani siku 208 hivi, nazo ni siku 16 za malipo, ambazo kwake ni shilingi 320,000.

Kisha ipo notisi. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, notisi haiwezi kupungua siku 28. Mwajiri akipenda aondoke leo leo, atamlipa badala ya notisi. Na hapa, ndugu msomaji, ule ukuta una mlango: sheria haisemi mshahara wa msingi, inasema ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi katika siku hizo. Posho zake za kila mwezi zinaingia. Kwa hiyo notisi ya mtu wetu inakaribia ile milioni yake nzima. Tazama jambo la ajabu lililoko hapo: siku ishirini na nane za notisi zinakaribia kulingana na kiinua mgongo cha miaka saba ya jasho, ambacho ni 980,000. Anayekubali kuondoka "kwa makubaliano" bila kuiuliza notisi yake ameacha mezani sehemu kubwa kuliko anavyodhani.

Usafiri nao wasahauliwa mno hapa mijini. Aliyeajiriwa Songea akaachishiwa kazi Dar es Salaam hurudishwa alikoajiriwa, yeye na vitu vyake, kwa gharama ya mwajiri. Au hupewa nauli isiyopungua ya basi hadi kituo kilicho karibu na hapo. Kama amekaa akisubiri usafiri huo, siku anazosubiri ana haki ya fedha za kujikimu, yeye na familia yake. Ni kwa sababu hii sheria inataka mahali mtu alipoajiriwa paandikwe katika maelezo ya kazi anayopewa mwanzoni. Wengi hawaangalii kama pameandikwa.

Wako wasiopata kiinua mgongo hiki cha sheria. Aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu hapati. Aliyepunguzwa lakini akapewa kazi nyingine inayomfaa, akaikataa bila sababu ya maana, hapati. Aliyefikia umri wa kustaafu hapati kwa kifungu hiki, wala yule ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika ukingoni wenyewe. Huyu wa mwisho yampasa atazame mkataba wake unasemaje, kwa kuwa kama mkataba umenyamaza, sheria nayo itanyamaza. Anayeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yake pia hapati, maana kifungu kinamhusu mwajiri anayeachisha. Isipokuwa kama mwajiri ameyafanya maisha ya kazini yasivumilike hata mtu akalazimika kuondoka. Hapo sheria huhesabu kwamba aliyeachisha ni mwajiri.

Sasa tulirudie swali la kichwa cha habari. Kama kiinua mgongo ni siku saba tu, mtu aweza kusema, kwa nini basi tuhangaike kama mshahara wa msingi ni 520,000 au 780,000, maadamu jumla ni ile ile milioni moja?

Hebu tupige hesabu tena. Mshahara wa msingi ungekuwa 780,000 na posho zote pamoja 220,000, siku moja ya mtu wetu ingekuwa 30,000 na kiinua mgongo chake kingekuwa 2,100,000. Tofauti ni laki saba. Si haba kwa familia isiyo na kazi. Lakini nitasema jambo ambalo naliona kubwa kuliko hilo: mshahara wa msingi mdogo haumsubiri mtu mpaka siku ya kuondoka ndipo umng'ate. Unamng'ata kila mwezi. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa mtu wa saa 45 kwa juma, mshahara wa 520,000 ni kama shilingi 2,667 kwa saa, na saa ya ziada ni 4,000. Kwa mshahara wa msingi wa 780,000 saa ya ziada ingekuwa 6,000. Kama amefanya saa 40 za ziada katika mwezi, amepata 160,000 badala ya 240,000. Anapoteza 80,000 mwezi huo, na kama kazi ni ya namna hiyo mwaka mzima, amepoteza 960,000 katika mwaka mmoja, zaidi ya laki saba za kiinua mgongo cha miaka kumi. Jumapili na sikukuu, ambazo saa yake hulipwa maradufu, nazo hupimwa kwa mshahara huo huo wa msingi. Na ile asilimia tano ya nyongeza ya saa za usiku, vivyo hivyo.

Kwa hiyo mwajiri anayempandishia mtu malipo kwa kumwongezea posho badala ya mshahara hafanyi kosa la sheria, na pengine fedha mkononi ni zile zile mwezi wa kwanza. Lakini amejipunguzia mzigo wa kesho, na wa saa za ziada za juma lijalo. Mtu ashukuru nyongeza, ndiyo. Ila aulize imewekwa mstari gani. Kodi ya mapato, kwa taarifa, hukatwa katika posho nyingi kama inavyokatwa katika mshahara, basi asidanganywe mtu kwamba posho ni njia ya kumkinga na kodi.

Nimesema mwanzoni kwamba neno letu limebeba mambo zaidi ya moja. Mwalimu na muuguzi wa Serikali wanapotaja kiinua mgongo, mara nyingi hawataji hizo siku saba hata kidogo. Wanataja mkupuo, yaani ile sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja wakati wa kustaafu, na sehemu inayobaki ikawa pensheni ya kila mwezi. Huo ni mto mwingine kabisa, chemchemi yake ni michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii.

Mifuko hiyo ina historia ndefu. Akiba ya Wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1964, ikafuatwa na NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, na mifuko minne ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF ya watumishi wa umma. Palepale 2018 kanuni mpya iliyotaka mkupuo uwe asilimia 25 iliwafadhaisha watumishi wengi, hata Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kwanza. Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote, mkupuo wa asilimia 33. Tangazo la mwaka 2024 likaupandisha: asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wa asilimia 50, na 35 kwa wale wa 25. Msomaji anayekaribia kustaafu asikokotoe kwa asilimia aliyoisikia kwa jirani aliyestaafu mwaka mwingine.

Hapo napo swali letu la mshahara upi lina jibu mbili. Mchango wa PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi, mtumishi akitoa 5 na mwajiri 15. NSSF, ambako wamo watu wa sekta binafsi, mchango ni asilimia 20 pia, lakini wa mshahara ghafi, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Maana yake ni kwamba mtu wetu wa milioni moja hatarajiwi kuchangiwa shilingi 104,000 za ile 520,000, bali 200,000 za milioni nzima. Mwajiri anayepeleka kidogo anapunguza pensheni ya mtu huyo, na mwenyewe hatajua mpaka aende dirishani akiwa na nywele nyeupe. Taarifa ya michango hutolewa na mfuko kwa mwanachama anayeiomba. Kuiomba mara moja kwa mwaka si kumkosea mwajiri adabu.

Swali hili haliishii hapa nchini. Majirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wanaopunguzwa kazi hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na vijana wetu wanaosafiri kwenda Ghuba hukutana na jambo hili katika sura kubwa zaidi, kwa sababu kule wageni wengi hawana pensheni yoyote, na malipo ya mwisho wa kazi ndiyo akiba yao. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2021 inatoa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, mradi jumla isizidi mishahara ya miaka miwili. Posho ya nyumba na ya usafiri haziingii. Kijana aliyeambiwa Dubai atalipwa dirhamu 2,000, akasaini mkataba unaosema msingi ni 1,200, baada ya miaka minne atapata 3,360, si zile 5,600 alizowaahidi wazazi wake. Watumishi wa nyumbani wako nje ya sheria hiyo, wana yao. Oman, kwa sheria yake ya mwaka 2023, kipimo ni mshahara wa msingi wa mwezi kwa kila mwaka. Saudi Arabia wao huhesabu kwa ujira wa mwisho pamoja na posho zake za kawaida, nusu mwezi kwa kila mwaka wa mitano ya kwanza na mwezi mzima kwa inayofuata, ila anayeacha mwenyewe mapema hupunguziwa. Ukimwona kijana jirani anafunga sanduku, mwulize mstari wa mshahara wa msingi umeandikwa ngapi. Ni zawadi bora kuliko kuku wa kuaga.

Turudi nyumbani. Hizo siku 7 na miaka 10 ni sakafu, si dari. Hakuna kifungu kinachomkataza mwajiri kutoa mwezi mzima kwa kila mwaka, wala kuihesabu miaka yote ishirini. Makubaliano ya namna hiyo huandikwa katika mkataba wa mtu binafsi au, mara nyingi zaidi, katika mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Mkutano wa chama unapoitishwa kujadili mkataba huo, wengi hungoja kusikia asilimia ya nyongeza ya mshahara kisha wanaondoka. Yafaa wakae kidogo mpaka kifungu cha kiinua mgongo kisomwe, na mtu aulize maneno mawili: siku ngapi, na za mshahara upi. Pengine wale wenzake waliompa mtu wetu habari ya mwezi mmoja kwa kila mwaka walitoka mahali penye mkataba wa hali bora wa namna hiyo. Hawakusema uongo, ila walisema habari za kazini kwao.

Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Sheria inamtaka mwajiri aandike ujira na jinsi unavyokokotolewa. Na shauri likifika mbele ya wasuluhishi naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa unakuwa juu yake mwajiri. Hati za mshahara za miezi ya nyuma ni ushahidi mzuri sana. Zitunzwe sanduku moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mama wa nyumba ajue ziliko.

Siku ya malipo, karatasi ya kusaini isomwe kwanza. Kila kipengele kiwe na mstari wake: ujira wa siku zilizofanywa kazi, likizo, notisi, kiinua mgongo, usafiri. Deni la chama cha akiba na mikopo au la mwajiri lisikatwe ila kwa idhini ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe au kwa amri ya sheria au ya mahakama. Cheti cha utumishi nacho ni haki yake, si hisani, na mwajiri wa baadaye atakitaka.

Ikiwa malipo yamepungua na mazungumzo hayakufaa, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo haitozi ada. Anayedai kwamba ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa. Anayedai malipo peke yake ana siku 60. Hujazwa Fomu Namba 1, nakala moja hupelekwa kwa mwajiri na uthibitisho wa kuipeleka huambatishwa. Siku hizo huhesabiwa pamoja na zile ambazo mtu amekaa nyumbani akiambiwa aje kesho.